Uzi mweusi kwenye shati jeupe

Januari ni mwezi wa sare za shule. Nilikuwa napachika kola kwenye shati jeupe, nikaona uzi mweusi umelala karibu na kifungo. Nikaupangusa, haukutoka. Nikaupuliza, nikaufuata kwa ukucha, hakuna kitu. Nilipoinua macho kutazama mlangoni, uzi nao ukapanda, ukayumba, kisha ukashuka taratibu kama jani majini.

Ulikuwa ndani ya jicho langu la kulia.

Jirani akasema ni mtoto wa jicho. Duka la dawa wakaniuzia matone bila hata kuniangalia. Nikayatumia siku nne. Usiku wa tano nikitoka uani gizani, mwanga ukanimulika pembeni ya jicho kama radi ya mbali. Kulipokucha, vidoa vilikuwa vimejaa kama masizi yaliyopeperushwa. Binti yangu akafunika cherehani: "Mama, leo hushoni. Twende."

Daktari wa macho alikuwa kijana. Aliniamkia, akaniwekea dawa ya kupanua mboni. (Nenda na mtu wa kukurudisha, kwa saa kadhaa jua linachoma na maandishi ya daladala hayasomeki.) Akanimulika: tazama juu, chini, kushoto, mpaka machozi yakanitiririka.

Nikamwomba anieleze nielewe. Akasema nyuma ya lenzi jicho limejaa ute angavu, mfano wa ute wa yai bichi. Karibu wote ni maji, ila umeshikiliwa na nyuzi nyembamba mno. Miaka ikisonga ute unalegea, nyuzi zinajikunja mafundo, na mwanga ukipita mafundo hayo yanatupa kivuli kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Kumbe nilikuwa napangusa kivuli! Ndiyo maana kwenye kitambaa cheupe na angani kilionekana wazi, lakini kwenye kitenge cha maua hakikuonekana.

Baadaye, hasa mtu akivuka miaka 50, ute wenyewe hubanduka kwenye retina. Mimi nina 56. Ukiwa unaivuta, jicho linaona mwanga ambao haupo. Kwa wengi hubanduka salama. Kwa wachache huichana. Hapo nilielewa bila kuelezwa mara ya pili, maana mpasuko mdogo usipoushona leo, kesho umefika kwenye pindo. Retina iliyochanika hufungwa kwa leza. Ikiachwa, maji hupenya nyuma yake, nayo ikabanduka, na mtu huona kama pazia jeusi linamfunika upande mmoja. Kwa hiyo vidoa vikija vingi kwa ghafla, au mwanga, au pazia, nenda siku hiyohiyo, nakuomba. Mwenye kisukari ndiyo kabisa, maana inaweza kuwa damu imevujia ndani.

Mtoto wa jicho ni lenzi yenyewe kuingia ukungu. Ukungu ule haukimbiikimbii mbele ya macho kama uzi wangu. Na yale matone yalikuwa yanaishia mbele ya jicho, hayakufika kwenye ute.

Retina yangu haikuchanika. Aliniambia nirudi baada ya wiki 6, kwani mpasuko huweza kuja baadaye. Nimerudi, iko salama. Uzi bado upo. Ukinikalia kwenye njia ya sindano, natazama juu, kisha chini, unasogea pembeni, naendelea na kola.