Kishikio cha tochi nilichokunja kwa bomba la inchi nne

Ukizamia usiku, mkono mmoja si wako tena, ni wa tochi. Mgeni aliyekuja kutazama samaki haoni tabu. Mimi huongoza watu wanne gizani ndani ya Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, na mkono huo naudai. Kushoto ndiko kilipo kitufe cha kujaza na kutoa hewa kwenye jaketi la kuelea. Kushoto ndiko nilikovaa kompyuta inayonionyesha kina na dakika. Tena tuko ndani ya hifadhi ya bahari, tangu 1995, na kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayekanyaga matumbawe. Mgeni akianza kushuka bila kujijua, lazima nimshike mtungi wa hewa nimwinue kabla mapezi yake ya miguuni hayajavunja kitu kilichochukua miaka mingi kukua. Huwezi kufanya hayo huku umekumbatia tochi.

Tochi yangu ni ya aluminiamu, unene wake milimita 40, na ilikuja na kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Kamba ile inazuia tochi isipotee, basi. Ukiiachia inaning'inia na kuzunguka, na mwanga unapiga huku na huku. Usiku chini ya maji mwanga ndiyo lugha yetu. Kuchora duara taratibu ni kusema niko salama, kupunga haraka kulia na kushoto ni kusema kuna shida, njoo. Usiku mmoja niliiachia tochi ili nimfungie mgeni mkanda wa mtungi uliolegea. Mgeni mwingine aliyekuwa nyuma akaona mwanga unapunga. Akaja mbio, pumzi juu juu, na hewa yake ikaisha haraka kiasi kwamba ilibidi tupande wote mapema. Hakukosea. Aliitikia ishara aliyoiona, na ishara hiyo ilitoka kwangu. Jambo hilo liliniuma sana.

Nilijua kwamba wazamiaji wa mapangoni kule Florida wana kishikio kigumu wanachokiita Goodman. Unapitisha kiganja ndani yake kama unavaa bangili pana, tochi inakaa mgongoni mwa mkono, vidole vyote vinabaki huru. Ngumi inakoelekea ndiko mwanga unakoelekea. Nikahesabu bei pamoja na gharama ya kukifikisha Mafia, nikaamua kukitengeneza.

Cha kwanza nilikitengeneza kwa ubapa wa aluminiamu uliobaki kwa fundi madirisha, nikaufunga kwa bolti za stenlesi. Kilipendeza. Baada ya wiki chache kuzunguka kila bolti pakaota unga mweupe, matundu yakatanuka, tochi ikaanza kucheza. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na hapo inayoliwa ni aluminiamu. Wanaotengeneza boti wanalijua hili vizuri. Ningewauliza kwanza ningeokoa wiki hizo.

Nikaenda kwa fundi bomba mmoja, mzee wa Kilindoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unajenga?"

Nilipomwambia nataka kipande cha bomba la maji taka kisichozidi shubiri moja, na sababu yake, alicheka, akanichagulia kipande kisicho na mikwaruzo. Hela hakutaka. Aliniachia onyo moja: nisikitie motoni. Plastiki ya bomba ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma kifua, na yenyewe hubaki na mapovu, haina nguvu tena. Tumia maji yanayotokota, alisema, yanatosha. Kweli yanatosha, maana plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzijoto 80 hivi.

Nilikata pete yenye upana wa sentimita 5. Bomba la inchi nne lina kipenyo cha milimita 110, kwa hiyo pete ukiipasua na kuinyoosha unapata ukanda wa sentimita 34 na ushee. Kabla ya kuuchemsha nilichonga kibao cha kukunjia, upana wa kiganja changu, sentimita 10. Kimo nilikiweka sentimita 6, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitumbukiza ukanda kwenye sufuria, nikautoa kwa koleo baada ya dakika chache, nikavaa glavu nene za kazi, nikauzungushia kibao haraka, nikamwagia maji baridi. Ukaganda kwa umbo la sanduku. Nilipoingiza mkono, kishikio kikazunguka kama pete ya kuazima.

Uzuri wa plastiki hii ni kwamba inasamehe. Nilirudisha ukanda sufuriani, nikapunguza kimo cha kibao hadi sentimita 4 na nusu, nikakunja upya. Safari hii kiganja kiliingia kwa kubana kidogo, nikifumba ngumi kinatulia, nikinyoosha vidole kinatoka. Tena ncha mbili za ukanda sasa zilipandana kwa sentimita 5, nikaziweka upande wa juu, mgongoni mwa mkono, pale pale tochi inapokaa. Sehemu inayobeba uzito ikawa na tabaka mbili. Usitoboe tundu lolote kabla ya kufika hapa.

Kitanda cha tochi ni nusu ya bomba la inchi moja na nusu, lililopasuliwa kwa urefu, sentimita 10. Nilikifunga juu kwa bolti mbili za stenlesi, vichwa vikiwa vimezama ndani ya plastiki ili visikwaruze tochi wala mkono. Kimezidi kishikio kwa sentimita 2 na nusu kila upande, na kwenye ncha hizo ndipo ninapofungia tochi kwa pete za mpira nilizokata kwenye tyubu ya bodaboda, mbili mbele, mbili nyuma. Kitandani nilibandika kipande cha suti kuukuu ya kuzamia, na kingine kwenye upande wa kiganjani. Kingo zote nilizipiga msasa hadi zikawa laini.

Wapo wanaoshauri klampu ya chuma badala ya tyubu. Sikubaliani nao. Klampu inakwaruza mwili wa tochi, kubadilisha betri kunakuwa kazi ya bisibisi, na ukinasa kwenye mshipi au wavu uliotelekezwa, chuma hakikuachii. Mpira nitaukata kwa kisu. Gharama yake ni kuukagua kila safari na kuubadilisha ukianza kupasuka, kwa kuwa jua na mafuta ya mashine huula. Tochi ya akiba inabaki mfukoni mwa jaketi, kishikio au bila kishikio.

Nilianza majaribio kwenye ndoo: kilizama taratibu, hakikuelea. Kisha mchana, mita 5, nikajaribu kukitoa na kukivaa nimefumba macho. Usiku nilisubiri maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, maana bamvua, maji makubwa, huvuta sana kwenye mlango wa ghuba, na kifaa kipya hakijaribiwi kwenye mkondo.

Tulishuka wanne, mita 11. Chini ya jiwe nilimkuta pono amelala ndani ya ule utando wa ute anaojifunika usiku. Wazee hawakukosea waliposema usingizi wa pono. Nikamwekea mwanga pembeni, si usoni, nikiwa nabonyeza kitufe cha jaketi kwa mkono ule ule. Mwanga haukutikisika. Wageni walimzunguka mmoja mmoja, na wa mwisho alipoanza kuzama juu ya matumbawe nilimshika mtungi nikamwinua. Nikachora duara kwenye mchanga. Duara tatu zikanijibu.

Mwenzangu wa boti sasa anataka chake. Kiganja chake ni kipana kuliko changu, kwa hiyo nimemchongea kibao cha sentimita 11. Ncha zitapandana kwa sentimita 3 tu, na bolti itabidi nizisogeze karibu.