Magurudumu ya spoku yaliyogoma kutoka: nilivyoyashinda kwenye MGB ya ami

Kila fundi wa Unguja anajua kwamba nati hulegezwa kwa kuzungushwa kushoto. Basi kila fundi aliyekuja kuitazama MGB ya ami aliinama upande wa dereva, akatemea viganja, akaanza kuizungusha nati ya gurudumu kushoto. Nikisema, "Fundi, upande huu unakwenda kinyume," najibiwa, "Mwalimu, wewe kafundishe, hapa niachie mie." Mmoja wao, mwenye gereji na vijana wa kumtumikia, aliipiga kwa nyundo ya chuma mpaka sikio la nati likapinda. Muda wote huo alikuwa akiikaza! Na alipochoka akataka nauli.

Kwa asiyelijua gari hili: MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Hii yetu ni ya miaka ya 1960, ya wazi, ya turubai. Magurudumu yake hayafungwi kwa nati nne kama ya Vitz. Ni ya spoku, 60 kila moja, na katikati yana meno kwa ndani yanayoingiliana na meno ya habu, yaani kile kichwa cha ekseli ambacho gurudumu huvikwa. Kinachozuia gurudumu lisichomoke ni nati moja kubwa yenye masikio mawili. Mtindo huu waliuanzisha Rudge-Whitworth kabla hata ya Vita Kuu ya Kwanza, na wao waliamua makusudi kwamba nyuzi (ile mifereji ambayo nati hujizungushia) za upande wa dereva zigeuzwe, ili gari likienda mwendo uikaze nati badala ya kuilegeza. Kwenye nati huandikwa UNDO na kuchorwa mshale. Zetu zilikuwa zimeliwa na kutu, husomi kitu. Gari lilikuwa limelala bandani Mbweni miaka na miaka, na upepo wa bahari kule unakula hata bawaba za milango.

Nyundo inayotakiwa ni ya shaba, ya risasi au ya ngozi, iwe laini kuliko nati yenyewe. Niliitafuta Darajani, nikaitafuta Mwanakwerekwe, nikaonyeshwa nyundo za kila aina isipokuwa hiyo. Nikaenda kwa mzee mmoja anayechonga milango huko Mji Mkongwe. Nilitaka rungu la mbao tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Rungu la nini?"

Nikamweleza. Akaniambia nimletee hiyo nati aione.

"Mzee, ingekuwa inatoka nisingekuja kwako."

Alicheka mpaka akaweka patasi chini. Kesho yake akapanda daladala mpaka Mbweni, patasi zake ndani ya kikapu, na kwapani kipande kinene cha mvule kilichobaki kwenye fremu ya mlango wa watu. Akachora umbo la nati juu ya ubao, masikio na yote, akatoboa. Halafu ndipo nikaona kazi. Aliipaka nati masizi ya chungu, akaukandamiza ubao juu yake, akautoa. Penye weusi akaparuza kidogo. Akapaka tena, akakandamiza, akaparuza. Unyoya kwa unyoya! Vijana wa jirani walikuja kucheka wakaishia kumshikia kikapu. Mwisho ubao ulikaa juu ya nati bila kucheza hata nywele, ukiwa na mpini mrefu karibu sawa na mimi.

"Sasa usipige," akasema. "Kanyaga."

Na hapa nawapa siri ambayo mafundi wote wale hawakutaka kuisikia. Gari likae chini kwa matairi yake, si juu ya jeki, breki ya mkono iwe juu. Mpini uuelekeze mbele ya gari, kisha uukanyage ushuke. Pande zote mbili, ya dereva na ya abiria, ni hivyo hivyo: mpini mbele, mguu chini. Huna haja ya kukumbuka kulia wala kushoto. Ile ya dereva iliyopigwa nyundo nilipanda juu ya mpini mzima mzima, nikaruka mara moja, ikalia "kwaa!" na mimi nikaangukia mchangani. Mzee nilimpa elfu arobaini au hamsini hivi, na chai na mkate wa ufuta.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe nati ni mlango tu, mwenye nyumba yuko ndani. Nati zote nne zimelegea na magurudumu hayatikisiki. Meno ya gurudumu na meno ya habu yameungana kwa kutu kuwa kitu kimoja.

Sasa ndipo ushauri ukamiminika. Shemeji yangu wa Pemba alileta chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu, eti yanapenya mpaka kwenye mfupa. Banda lilinukia vizuri sana, gurudumu halikushughulika. Kijana mwingine akataka kuchoma kwa gesi. Huyo nilimfukuza, na wewe mfukuze: tairi lenye upepo likipashwa moto linaweza kupasuka likamuua mtu, na spoku zikiungua nguvu zake zimekwisha. Wa tatu alikuja na grainda, tukate spoku zote kisha tupasue kitovu cha gurudumu. Njia hiyo ipo kweli, na mwisho wake ni kununua gurudumu jipya kutoka Uingereza.

Dawa yenyewe ni uzito wa gari. Nati ilegezwe kama mzunguko mmoja, ISITOLEWE, kwa sababu ndiyo itakayolizuia gurudumu lisikuache njiani. Injini yetu ilikuwa imeshaamka, breki zinashika kwa kusitasita. Nilipulizia mafuta ya kupenyeza kutwa nzima, kisha nikaenda uwanjani, kwenye mchanga mgumu, hakuna watoto, nikaendesha taratibu: mbele, breki ya ghafla, nyuma, breki, usukani mpaka mwisho huku, usukani mpaka mwisho kule. Majirani wakasema mwalimu amerukwa na akili. Ya nyuma yakaachia mwanzo, maana ndiyo yanayosukumwa na injini: unasikia "tak" chini yako, unashuka, unakuta unga wa kutu mwekundu umemwagika pembeni ya nati kama bizari. La mbele la dereva likafuata. La mbele la abiria likakataa katakata.

Hilo nilimwita fundi mmoja kijana wa Fuoni, wa pekee aliyenisikiliza tangu mwanzo. Tukaamua kutoa gurudumu pamoja na habu yake. Kofia ya grisi ukishaitoa, nati ya habu unaiona ndani ya kitovu, na habu za magurudumu ya spoku zina tundu pembeni la kuvutia pini yake. Kalipa ya breki tukaifungua kwa nyuma na kuitundika kwa waya. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Mkivuta habu, kuna visahani vyembamba mno baina ya beringi. Vihesabiwe na viwekwe kwenye kikombe, maana ndivyo vinavyopima mchezo, yaani ulegevu, wa beringi.

Tulipolilaza gurudumu chini, nikaelewa kwa nini mafuta yote ya mwanzo yalipotea bure: gurudumu likiwa limesimama, mafuta yanachuruzika tu. Likiwa limelala unamimina kwenye mwanya na yanakaa humo. Tulichanganya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, tukamimina upande mmoja, kesho yake tukaligeuza. Mke wangu alikuwa akituangalia kutoka jikoni. Akasema, "Kifuniko cha chupa kikigoma mie namwagia maji ya moto. Nyie hamjajaribu?" Hatukuwa tumejaribu. Tukaufuta mchanganyiko wote kwanza, kwa sababu asetoni inashika moto haraka, tukalipeleka mbali na jiko.

Jirani yangu ana lori la mchanga. Tukalitia gurudumu chini ya chasisi yake, uso juu, tairi limetolewa upepo na limekalia magogo, jeki ya chupa juu ya habu na gogo dogo la mbao katikati lisiharibu nyuzi. Fundi akapampu mpaka lori likaanza kunyanyuka kidogo, akaacha hapo hapo, mkono nje. Nikamwaga sufuria la maji yanayochemka kuzunguka kitovu. Kimya. Nikamwaga la pili. Habu ikashuka yenyewe, "puu", ikaangukia gunia. Bi mkubwa hajaacha kulisimulia hilo mpaka leo, na haki yake.

Meno tuliyasugua kwa brashi ya waya. Yakiwa bado bapa juu, yanafaa. Yakichongoka kama ya msumeno, habu na gurudumu vyote viwili ni vya kubadilisha. Yetu yalikuwa mazima. Nati iliyopinda sikio, mtoto wa ami aliniletea nyingine kutoka London. Mkiagiza, hesabuni nyuzi kwanza: za zamani zina nyuzi 12 kwa inchi, za baadaye 8, na hazifungani.

Grisi nimepaka kwenye meno, kwenye nyuzi na pale kitovu kinapokaa, bila ubahili. Jana nilikwenda Bububu na kurudi, nikasimama kivulini nikazikaza tena nati zote kwa ubao wa mvule, safari hii mpini nyuma. Ya dereva mbele ilisogea kidogo, nyingine hazikusogea.