Pishi ya Mtambwe

Mwanzoni mwa miaka ya 90, nikiwa na umri wa miaka 22, nilivuka kutoka Unguja kwenda Pemba kushika daftari la karafuu. Tajiri mmoja alikuwa amekodi mikarafuu upande wa Mtambwe na alitaka kijana anayejua hesabu. Kazi yangu ilianza alasiri. Wachumaji wakishashuka mitini na kuchambua makonyo, walijipanga na mapakacha yao, nami nikawapimia karafuu mbichi kwa pishi, chombo cha kupimia, na kuandika jina na idadi. Walilipwa kwa pishi.

Pishi ni vibaba vinne. Hilo halina mjadala visiwani. Ile niliyokabidhiwa ilikuwa ya bati, na siku ya tatu, nikiiosha, nilipapasa kitako chake nikakuta kimegongwa kwa ndani hadi kimetuna nje. Nikaazima kibaba cha mchele jikoni kambini, nikapima. Vitano. Nikarudia. Vitano.

Nilinyamaza siku 11.

Na siku zote hizo nilisali. Sikuacha hata usiku mmoja. Jumapili nilitembea hadi Wete, ambako Wakristo wachache, wengi askari na walimu waliotoka bara, tulikusanyika sebuleni kwa mmoja wetu. Nikamwomba Mungu anitie nguvu nisiikane imani yangu katika kisiwa ambacho sisi tunahesabika kwa vidole. Nilidhani uaminifu ndio huo: kufanya ishara ya msalaba mbele ya watu kabla sijagusa chakula, bila kuona haya. Lakini hakuna Mpemba aliyenitaka niikane. Wao wenyewe kila Jumamosi waliniuliza, "Kesho si siku yako ya kusali? Basi nani atatupimia?"

Palikuwa na bibi mmoja aliyechuma matawi ya chini, wote tukimwita Bi Mkubwa. Mjukuu wake wa chuo cha Kurani alikuwa akihifadhi Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani, na jioni moja alisimama kwenye foleni akirudiarudia aya ileile: Waylun lil-mutaffifin. Nikamuuliza, ili tu kumchangamsha, maana yake nini. Akajibu bila kuinua macho, "Ole wao wapunjao." Pishi ilikuwa mkononi mwangu.

Usiku nilifungua Mithali 11 kwa mwanga wa kandili. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Aya hiyo naijua tangu utotoni. Bibi yangu alizaliwa Mbweni, Unguja, katika kizazi cha watumwa walioachiwa huru na kupewa makazi pale na UMCA, wamisheni wa Kianglikana kutoka Uingereza. Sikukuu alinichukua Kanisa Kuu la Mkunazini, na mbele ya altare akanionyesha duara la marumaru nyeupe sakafuni, mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa kabla soko halijafungwa mwaka 1873. Hakulikanyaga kamwe. "Wazee wako walipimwa hapa," aliniambia. Mimi, mjukuu wa watu waliopimwa, nilikuwa nimekaa chini ya mkarafuu nikipunja jasho la ajuza, halafu nikienda kulala na Biblia kifuani.

Kesho yake nilikuja na kibaba. Karafuu za mtu wa kwanza nikazipima mbele ya wote, kibaba kwa kibaba, nikaandika kilichopatikana. Hakuna aliyesema neno, ila foleni nzima ilisogea karibu. Msimamizi akatumwa kuniuliza kama nimekuja kuandika au kuhubiri. Nikamwambia pishi hii siipimii tena. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeambiwa nifunge virago, na ujira wa wiki ya pili sikupewa.

Ujira wa wiki ya kwanza bado nilikuwa nao. Nilikuwa nimenakili hesabu kwenye karatasi: Bi Mkubwa aliandikiwa pishi 60, kwa haki zilikuwa 75. Fedha zangu zilitosha kumlipa yeye na wengine wawili. Waliobaki sikuwalipa, na mpaka leo nayakumbuka majina yao.

Nilimkuta kwake anaanua majamvi. Nikamweleza kila kitu, pamoja na zile siku 11, macho yangu yakiwa chini.

"Mwanangu," akasema, "mie nashika pishi tangu sijaolewa. Nilijua siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakuona ukimwomba Mungu kabla ya kula. Nikasema moyoni, huyu atasema mwenyewe." Akanyamaza kidogo. "Ulichelewa."

Akazihesabu zile fedha mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akanipisha kwenye jamvi nile naye muhogo. Nikaunganisha viganja, nikaomba kwa sauti. Yeye akangoja nimalize ndipo akasema bismillahi. Ndani, mjukuu alikuwa ameshavuka kwenye sura nyingine.