Sasa mbona kinatembea?

Saa saba usiku. Wote wamelala, mimi nimekaa jikoni na daftari, na bado namsikia.

"Mama, kuna kitu kinatembea huku nyuma."

"Hakuna kitu, mwanangu. Umepimwa, huna kitu. Acha kujikuna ulale."

"Sasa mbona kinatembea?"

Sikumjibu. Nilimfunika vizuri, nikazima taa, nikatoka.

Mnamjua Chiriku wangu, mtoto anayeongea mpaka ndotoni. Siku tatu zilizofuata hakuniita tena usiku. Nikajua yameisha. Kumbe alikuwa anajikuna kimyakimya gizani, anageuka huku na huku, na asubuhi nakuta shuka iko sakafuni na yeye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hapo ndipo panaponiuma hasa. Kujikuna kuna dawa yake, lakini mtoto wa miaka mitano alikuwa ameshaamua kwamba hakuna faida ya kumwambia mama.

Wiki ilikuwa na mambo mengine makubwa. Mdogo wangu ameolewa Jumamosi, tukacheza na kulia, na Baba Chiriku amerudi salama kutoka safari ile ndefu niliyowasimulia. Ila nikikaa peke yangu narudi palepale, kwenye lile neno "umepimwa".

Maana ni kweli alikuwa amepimwa. Wiki mbili kabla nilimpeleka kwa sababu ya huko kujikuna, wakataka choo, wakapima, wakaniambia ni safi. Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mnyoo mdogo mwembamba, kwa Kiingereza pinworm, unaowasha watoto huko nyuma, na kwa mnyoo wa aina hii kipimo cha choo mara nyingi hakioni kitu. Mnyoo jike hatagi mayai yake ndani ya utumbo. Husubiri usiku mtoto alale, akatoka mpaka kwenye njia ya haja kubwa, akataga pale nje kwenye mikunjo ya ngozi, mayai zaidi ya 10,000, na ule unato unaoyashikilia ndio unaowasha. Kwa hiyo kutafuta mayai hayo chooni ni kumfuata mtu nyumbani saa ambayo ametoka.

Usiku wa nne nilishindwa kulala. Sijui ni nini kilinisukuma, labda ni huo ukimya wake. Kama saa tatu hivi tangu alale niliingia na tochi ya simu, nikamgeuza taratibu, nikamtenga makalio, nikamulika.

Nilivitazama kwa muda kabla ya kuelewa. Vilikuwa kama vipande vya uzi mweupe wa kushonea, kila kimoja kifupi kuliko upana wa kidole changu gumba. Ningeweza kuapa kuwa ni nyuzi zilizotoka kwenye chupi. Kisha kimoja kikajipinda, kikanyooka, kikasogea.

Kilikuwa kinatembea. Neno lilelile alilolitumia.

Nilikaa chini pembeni ya kitanda. Nililia, nakiri, na sikulia kwa sababu ya minyoo.

Asubuhi nilimwambia kabla hata hajanawa uso. Nikamwambia, "Mwanangu, ulisema kweli. Jana usiku nimekiona. Nilikukosea." Akanikazia macho, akauliza, "Kinatembea?" Nikasema ndiyo, kinatembea. Akaruka kitandani akakimbilia chumba cha kaka yake akipiga kelele, "Mama amekiona! Mama amekiona!" Sikutegemea furaha ile. Minyoo bado alikuwa nayo yote, lakini uso wake ulikuwa umeng'aa kama amepewa zawadi.

Kuanzia hapo mambo yakaenda vizuri. Daktari wa safari hii hakutaka choo. Alinieleza kipimo cha selotepu: asubuhi mtoto akiamka tu, kabla ya kuoga na kabla ya kwenda chooni, unabandika upande wa gundi kwenye ngozi ya pale nyuma, unaubandua, unaubandika kwenye kioo kidogo unapeleka. Ukikosa mara ya kwanza unarudia asubuhi tatu mfululizo. Nilipeleka cha Chiriku na cha kaka yake pia, ingawa Kaka Mkubwa hawashwi hata kidogo na aliona ni kumdhalilisha. Mpimaji akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Mayai yalikuwa yametapakaa, marefu kidogo, kila moja limebonyea upande mmoja. Nikauliza ni ya yupi. Akasema ya mkubwa.

Huyo asiyewashwa! Ndiyo maana dawa tulipewa nyumba nzima, tukanywa siku moja, mimi na baba yao tukiwemo. Wengine hupewa albendazole, sisi tulipewa mebendazole ya kutafuna, miligramu 100 kila mmoja. Na baada ya wiki mbili tunarudia, kwa kuwa dawa inaua minyoo ila mayai haiyagusi. Wifi yangu anayekaa nasi hakupewa. Ana ujauzito, bado yuko kwenye miezi mitatu ya mwanzo, akaambiwa ashike usafi kwa wiki sita bila kukosa na asimeze dawa yoyote bila daktari kujua. Mliojifungua karibuni au wenye watoto chini ya miaka miwili, ulizeni kwanza, msimeze tu kwa kuwa jirani amemeza.

Kaka Mkubwa alitaka paka afukuzwe. Nimemtetea paka wa watu. Mnyoo huyu anaishi kwa binadamu tu, paka hahusiki na lolote. Njia yake ni kucha zetu: mtoto anajikuna, mayai yanaingia chini ya kucha, kidole kinakwenda mdomoni. Ndani ya saa chache tu tangu yatagwe mayai huwa tayari kuambukiza, na yanaweza kukaa hai kwenye shuka, taulo na vichezeo hata wiki mbili au tatu. Kwa hiyo mama mwenye kuoga mara tatu kwa siku naye anaweza kuyapata. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu siku ya kwanza niliona aibu hata kumwambia dada yangu, na aibu ile ingetuchelewesha tena.

Sasa kila asubuhi wanaogeshwa mara tu wakiamka ili mayai ya usiku yaondoke, chupi mpya kila siku, wanalala na chupi ya kubana, kucha nimezikata mpaka nyama. Shuka nazikunja pole pole bila kuzikung'uta, mayai yasije yakaruka na vumbi, naziloweka kwenye maji ya moto. Mikono inafuliwa kama nguo. Chiriku ndiye askari wa sabuni, anasimama mlangoni anakagua vidole vya baba yake.

Jana usiku niliingia tena na tochi. Sikuona kitu. Alikuwa amelala chali, mikono imeachwa wazi huku na huku, shuka iko palepale nilipoiweka. Nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Asubuhi nikamuuliza, "Kinatembea?" Akafikiri kabisa, akasema, "Leo hakijaja." Nikaamini.

Tarehe ya dozi ya pili nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa kabati.

Nilidhani nikishayaandika haya nitapata usingizi, lakini kuna jingine. Mkataba wangu wa kazi unaisha tarehe 30 na bosi hajasema neno. Wenzangu wawili waliitwa ofisini kwake Alhamisi, wakatoka na karatasi mkononi. Ijumaa alipita karibu na meza yangu, nikainua uso kumsalimia, akawa anaangalia dirishani.