Jeraha Lina Kalenda Yake

Kwa miaka kadhaa sasa, kila Ijumaa Kuu inapokaribia, parokia yetu hapa Mbeya hunikabidhi kijana anayeigiza nafasi ya Yesu katika Njia ya Msalaba ili nimtie majeraha. Mwaka wa kwanza niliamka alfajiri, nikamkalisha kwenye kiti nyuma ya kanisa, nikampaka kila kitu kwa mkupuo mmoja: paji la uso lenye alama za miiba, mgongo wenye michirizi ya mijeledi, viganja na magoti yaliyochubuka. Nilikuwa nimeridhika sana na kazi yangu. Tulipofika kituo cha kwanza, bibi mmoja aliyesimama karibu nami alimtazama yule kijana kutoka juu hadi chini, kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, mbona magoti yameshachubuka na bado hajaanguka?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu bibi alikuwa amesema kweli. Katika vituo 14 vya Njia ya Msalaba, Yesu huanguka mara tatu, katika kituo cha tatu, cha saba na cha tisa, nami nilikuwa nimeyatangaza maanguko yote matatu kabla msalaba wenyewe haujabebwa. Mwaka uliofuata nilitembea pamoja na msafara nikiwa na kimfuko cha rangi ndani ya shuka, na kila mara kijana alipoanguka, wale walioigiza askari walimzunguka kwa makelele, nami nikapata nafasi ya kuinama na kuongeza kile ambacho anguko hilo lingemfanyia mtu. Kituo cha sita kilinitesa kuliko vyote, kwa maana Veronika hupangusa uso wa Yesu kwa kitambaa, na kitambaa hicho kikitoka cheupe hadithi imekufa. Ilibidi damu ya usoni iwe mbichi pale tu, ilhali ile ya mgongoni ilikwisha kukauka na kugeuka kahawia. Tangu hapo, kabla ya kufungua kisanduku cha rangi, hujiuliza jeraha ninalotaka kulitengeneza lina umri gani.

Swali hilo ndilo lililonifanya nimfuatilie kwa karibu Abel Tesfaye, mwanamuziki wa Kanada aliyezaliwa na wazazi kutoka Ethiopia, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la The Weeknd. Katika kipindi cha kuitangaza albamu yake ya After Hours, iliyotoka tarehe 20 Machi 2020, Tesfaye aliibeba hadithi moja usoni mwake kwa zaidi ya mwaka mzima, kutoka onyesho hadi onyesho, akiwa amevaa suti nyekundu ili sote tujue kwamba mtu tunayemwona ni yule yule. Video ya Blinding Lights, iliyotoka Januari 2020 na kupigwa Las Vegas, inaanza na uso wake unaocheka huku damu ikiwa mdomoni. Katika maonyesho ya televisheni ya miezi ile alitokea na plasta imekatiza juu ya pua. Tarehe 30 Agosti, kwenye tuzo za video za MTV, aliimba akiwa juu sana kwenye jengo refu la New York na uso uliopigwa, wenye uvimbe na damu iliyovilia. Tarehe 22 Novemba, kwenye tuzo za American Music Awards, kichwa kizima kilikuwa kimefungwa bendeji, pakiwa pamebaki nafasi ya macho, matundu ya pua na mdomo, na hata alipopanda kupokea tuzo hakuzifungua wala hakueleza lolote. Kisha tarehe 5 Januari 2021 ikatoka video ya Save Your Tears, bendeji zikiwa zimeondolewa, na chini yake kukawa na mtu mwingine: mashavu yaliyojazwa hadi kung'aa, midomo iliyovimba, pua iliyochongwa nyembamba, na alama za mishono.

Watu wengi mtandaoni waliuliza kama kweli amejipasua. Baadaye aliliambia jarida la Variety kwamba bendeji zile zilihusu upuuzi wa utamaduni wa watu mashuhuri wa Hollywood, na namna watu wanavyojibadilisha kwa sababu za juujuu ili wakubalike. Maelezo hayo ni mazuri, lakini mimi niliyekuwa nikitazama kama fundi nilikuwa nimekwisha kuipata hadithi kabla hajaeleza, kwa sababu ilipangwa kwa utaratibu ambao mwili wenyewe unaufuata. Kwanza pigo, kisha plasta, kisha uvimbe, kisha kufungwa, kisha kufunguliwa. Mgeuko wa hadithi uko mahali pamoja tu, pale ambapo bendeji ya mgonjwa inageuka kuwa bendeji ya mtu aliyejilaza mwenyewe kwenye meza ya upasuaji, na mgeuko huo ulifanyika ndani ya vichwa vyetu katika wiki sita ambazo hatukuuona uso.

Ndiyo maana, nikiulizwa, nitasema kwamba lile onyesho la Novemba ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, ingawa kiufundi lilikuwa jepesi. Bendeji ni kitambaa tu. Hata hivyo, bendeji nyeupe inaonekana na mtu aliyekaa safu ya mwisho kabisa uwanjani, jambo ambalo jeraha la shavuni haliwezi hata likitengenezwa na fundi bora duniani, na zaidi ya hapo inamlazimisha kila anayeitazama ajitengenezee mwenyewe uso ulio chini yake.

Uso wa Januari, kwa upande wake, ulikuwa kazi ya jasho. Ulitengenezwa na karakana ya Mike Marino, fundi wa Marekani ambaye pia alimgeuza Colin Farrell kuwa Penguin katika filamu ya The Batman ya mwaka 2022. Njia ya kufika kwenye uso wa namna hiyo ni ndefu. Kwa kawaida, msanii hupakwa usoni mchanganyiko mzito unaofanana na ule ambao madaktari wa meno huutumia kuchukua umbo la meno, akibakiziwa matundu ya pua ya kupumulia. Ukishaganda hufunikwa kwa jasi ili usipoteze umbo, na ndani yake humiminwa nakala ya kichwa chake. Juu ya nakala hiyo fundi hufinyanga kwa udongo mashavu na midomo anayoitaka, kisha hutengeneza kalibu ya kumiminia silikoni, yaani mpira laini unaofanana na ngozi. Vipande vya silikoni hubandikwa kwa gundi, na kingo zake hutakiwa ziwe nyembamba kuliko utando wa kitunguu, maana hadhira ikiuona mpaka wa ngozi ya bandia haitasikia tena wimbo. Rangi huja mwisho, tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa ngozi ya mtu aliye hai haina rangi moja.

Lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni lile alilolifanya tarehe 7 Februari 2021 mjini Tampa, wakati wa mapumziko ya Super Bowl, fainali ya soka ya Kimarekani. Alipanda jukwaani na uso wake mwenyewe, msafi, na bendeji zikawa zimehamia kwa wacheza dansi, kundi kubwa la watu wenye koti jekundu na vichwa vilivyofungwa, waliomzunguka na kumsukuma kwenye vijia vyembamba vyenye taa, kisha wakaujaza uwanja mzima. Wapo waliolalamika kwamba hadithi ilikatika. Kwa maoni yangu ndipo ilipokamilika, kwa sababu ugonjwa uliokuwa wa mtu mmoja ulikuwa umeshaambukiza umati. Mwaka uliofuata, kwenye jalada la albamu ya Dawn FM, alitokea akiwa mzee mwenye mvi na makunyanzi, na hapo tena umri wa uso ndio uliotuambia tumefika wapi.

Wasomaji wenye umri wangu watamkumbuka Michael Jackson akigeuka zimwi katika Thriller ya mwaka 1983, kazi ya Rick Baker, ambaye tayari alikuwa na Oscar ya mekapu. Naiheshimu mno kazi hiyo, lakini mgeuko wote unaanza na kuisha ndani ya dakika zisizozidi 14, na mtazamaji huuona mbele ya macho yake. Tesfaye aliutandaza mgeuko wake kwenye kalenda halisi, ile ile ambayo sisi tulikuwa tukiishi ndani yake. Wala jambo hili si sawa na kinyago. Katika mapiko ya Wamakonde, mchezaji hufichwa kabisa, na siri ya nani yuko ndani ndiyo nguvu ya ngoma. Mekapu ya namna hii inadai kinyume chake, yaani mtazamaji amtambue mtu huyo kila wakati, aumie kwa kuona anavyotoweka.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kulijaribu wazo hili kwa udogo wangu. Kijana mmoja wa hapa Mwanjelwa, anayeimba bongo fleva, alinijia na wimbo kuhusu dereva wa bodaboda aliyepata ajali, akiwa na maonyesho matano ya Jumamosi kwenye barabara kuu: Tunduma, Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa. Alitaka nimpake damu katika yote matano. Nilimwomba aniachie wiki zote tano kama vituo vya njia moja, ajali itokee Tunduma na kovu lifike Iringa.

Silikoni ya kazi hizo sikuwa na uwezo wa kuinunua. Nilichemsha jelatini na gliserini, nikaimimina kwenye sahani bapa, na hapa baridi yetu ilinisaidia, kwa kuwa jelatini huyeyuka kwa joto lisilozidi sana la mwili, na kipande ambacho kingeteleza shavuni Dar es Salaam kwa jasho, kwetu hukaa. Sehemu za mikono nilitumia lateksi, yaani mpira wa majimaji, na karatasi laini, tabaka kwa tabaka, nikiiweka mbali na macho kwa ajili ya ile harufu yake kali ya amonia, baada ya kuijaribu kwanza kidogo kwenye ngozi ya mkono siku moja kabla. Damu ilikuwa sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ya kuondoa ule wekundu wa pipi. Anayetaka kuitumia mchana nje ajue kwamba nzi na nyuki huipenda.

Tunduma tulipata pigo ambalo sikulitarajia. Ulipofika mkarara, fundi wa taa aliwasha taa nyekundu jukwaa zima, na damu yangu yote ikatoweka, maana chini ya mwanga mwekundu rangi nyekundu hupauka hadi kufanana na ngozi inayoizunguka. Kwa dakika nzima mwimbaji aliugulia jeraha ambalo hakuna aliyeliona. Mbeya tulizungumza na watu wa taa mapema, tukakubaliana mwanga mweupe umfikie usoni, naye akaimba akiwa amefungwa bendeji kichwani na mkononi. Picha za maonyesho hayo mawili zilipokaa pamoja kwenye simu za watu, wakaanza kuulizana Makambako atatokeaje.

Makambako ndiko nilikokutana na tatizo la rangi. Visanduku vya rangi za majeraha vinavyouzwa vimetengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeupe, ambayo damu ikivilia huonekana nyekundu, kisha zambarau, kijani na mwishowe njano. Ukiipaka kijani ile kwenye shavu la kijana mweusi wa Mbeya, anaonekana amepakwa chokaa yenye ukungu. Kwetu alama ya kipigo huonekana zaidi kwa weusi unaozama, zambarau iliyokaribia kahawia, na mng'ao wa ngozi iliyovutwa na uvimbe. Nilizitupa kijani na njano pembeni, nikachanganya kahawia na zambarau, na mng'ao nikautoa kwa mafuta ya mgando. Mafinga niliweka vigaga, na pembeni ya kila kigaga mstari wa ngozi mpya yenye wekundu mpauko.

Iringa ilibaki kovu peke yake. Tulikuwa tumeegesha gari nyuma ya ukumbi, nami nikawa nalimalizia mkononi mwa mwimbaji kwa rangi ya kahawia niliyodhani inatosha, pale dereva wa bodaboda aliyekuwa ametuletea chakula alipokaribia na kutazama kwa muda mrefu. Akasema, "Dada, umepaweka mahali penyewe, ndipo mtu anapofikia akianguka. Lakini umelifanya jipya mno." Akakunja mkono wa koti lake hadi kwenye kiwiko. Lake lilikuwa jeusi kuliko ngozi yote ya mkono, lenye kung'aa katikati na kingo zilizokunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Nikamwomba akae. Alikiegemeza kiwiko chake kwenye boneti ya gari karibu na kile cha mwimbaji, nikawasha tochi ya simu, nikafuta kazi yangu, nikaanza kuchanganya rangi upya huku nikiutazama mkono wake, hadi alipotikisa kichwa kukubali na kusema kwamba sasa linafanana na kovu lililoingia mwezi wake wa pili.