Nina watu wengi katika mji huu

Neno la wiki: Matendo ya Mitume 18:1–11

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii shule zimefunguliwa. Tangu saa kumi na mbili asubuhi njia inayopita mbele ya nyumba yangu hapa Kihonda, Morogoro, imejaa sare mpya, mabegi makubwa kuliko migongo inayoyabeba, na watoto wa darasa la kwanza wanaovutwa mkono na mama zao. Kwa miaka 19 nilitembea nao njia hiyohiyo. Januari ya kwanza baada ya kuacha kazi nilifunga dirisha, nikakaa jikoni mpaka njia iliponyamaza.

Niliacha ualimu kwa sababu ya koo. Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 112, na mwalimu wa darasa kama hilo hasemi, anapaza sauti tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Mwanzoni sauti ilikuwa ikikatika Alhamisi na kurudi Jumapili. Baadaye ikawa hairudi. Daktari aliniambia nisipoipumzisha nitaipoteza kabisa. Niliomba kazi nyingine isiyo ya kusimama ubaoni, sikupata. Nikaandika barua, nikakabidhi madaftari ya mahudhurio na ufunguo wa kabati, nikaondoka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya fedha. Nilihesabu akiba, nilijua nitakula nini mpaka mwezi gani. Sikujiandaa kwa saa nne.

Mwalimu yeyote anayesoma hapa anajua saa nne ni nini. Ni birika la chai juu ya meza iliyojaa madaftari ambayo hayajasahihishwa. Ni maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, ubishi wa Simba na Yanga, mwenzako anayekwambia mtoto wake amelazwa, na mwalimu wa zamu anayechungulia saa kwa sababu dakika zimekwisha. Na hapohapo ndipo ilipozunguka karatasi ya michango ya kufa na kuzikana. Nyumbani nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nafagia, nafua, napika, na ikifika saa nne natenga vikombe. Mara mbili nilijikuta nimetenga vitano.

Mtu akiacha ualimu huulizwa: sasa unafanya nini? Wengine huuliza mafao yamekaaje. Sijasikia hata siku moja mtu akiulizwa: sasa unakunywa chai na nani?

Mwezi wa nne baba yangu mdogo alifariki Kilosa. Zamani, kabla sijamaliza kusema, mwenzangu mmoja angekuwa ameshapita na ile karatasi, na mwingine angekuwa amepanga nani anifundishie vipindi vyangu. Safari hii nilikaa stendi ya Msamvu na mkoba wangu, nimeshika simu, nikipitia majina. Walimu walikuwa darasani. Kundi letu la simu nilikuwa nimeshaondolewa, maana lilikuwa la walimu wa pale tu, na sasa sikuwa wa pale. Nililia kwenye basi, nikafika msibani macho yameshavimba, na watu wakadhani ni msiba peke yake.

Nawaeleza haya kwa sababu ya Paulo.

Tukiisoma Matendo sura ya 18 kwa haraka tunamwona mtume shujaa akiingia Korintho. Lakini mwenyewe alipowakumbusha Wakorintho siku zile aliwaandikia kwamba alifika kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Alitoka Athene, ambako wengine walimdhihaki. Wenzake, Sila na Timotheo, walikuwa bado Makedonia. Aliingia mji mkubwa wa bandari peke yake.

Na kitu cha kwanza ambacho Luka, mwandishi wa Matendo, anatuambia Paulo alipata pale ni watu. Kabla ya hubiri, kabla ya ubatizo hata mmoja: "akamwona" Akila, na Prisila mkewe. Hawakuwa wenyeji. Walikuwa wametoka Italia siku si nyingi, kwa kuwa Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi wote waondoke Rumi. Kwa hiyo waliompokea Paulo ni watu ambao nao walikuwa wamefungasha vyombo na kuacha nyumba, wateja na majirani. Walijua mgeni anahitaji nini usiku wa kwanza. Walikuwa mafundi wa mahema kama yeye, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja.

Hapo nakaa sana kila ninaposoma. Paulo alikuwa amesoma miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa Sheria aliyeheshimiwa na watu wote. Angeweza kungoja waumini wamtafutie heshima inayolingana na elimu yake. Akakaa chini na sindano, mchana kutwa, pamoja na watu wawili ambao aliwajua kwanza kwa mikono yao. Urafiki wao ulizaliwa hapo, wa kiasi kwamba baadaye aliwaandikia Warumi kuwa hao wawili walikuwa tayari kukatwa shingo kwa ajili yake. Jambo kama hilo halianzii kwenye kikao.

Kisha likaja pigo. Katika sinagogi, ambako alifundisha kila Sabato, walimpinga na kumtukana. Akakung'uta mavazi yake, akatoka, akaingia nyumba ya mtu aitwaye Tito Yusto. Luka hasahau kutuambia kwamba nyumba hiyo ilipakana na sinagogi. Aliyeacha darasa na bado anaishi jirani na shule, akisikia kengele kila kipindi, anaelewa kwa nini sentensi ile imewekwa pale. Ni baada ya kutoka huko ndipo Bwana alipomtokea Paulo usiku akamwambia asiogope, asinyamaze, "kwa maana mimi nina watu wengi katika mji huu."

Nina watu wengi. Paulo hakupewa majina wala idadi yao. Aliambiwa tu kwamba wapo, na kwamba ni wa Bwana. Akakaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita.

Sasa nije kwetu, na nitasema wazi kwa kuwa nawapenda. Jina langu limo kwenye daftari la jumuiya hii kwa muda mrefu, lakini Jumamosi, siku ya sala zetu, nilikuwa kwenye masomo ya ziada, na jioni nilikuwa nasahihisha. Michango nilituma kwa simu. Nilikuwa mwanajumuiya wa risiti. Niliporudi, siku ya kwanza kabisa mlinipokea kwa vigelegele, na kabla wimbo wa kufunga haujaisha mlikuwa mmeshanipa ukatibu. "Mwalimu anajua kuandika." Nilishukuru, nikaandika kumbukumbu za vikao kwa miezi mitano kwa mwandiko mzuri. Katika miezi hiyo mitano hakuna aliyejua kwamba silali. Daftari lilikuwa kati yangu na ninyi kama ile meza ya mbele ya darasa.

Tunawafanyia hivi walimu wote, na siyo jumuiya yetu peke yake. Anastaafu mtu akiwa na miaka 60, au ameacha mapema kama mimi, au shule ya binafsi haikumpa mkataba mwingine, naye anakuja kwetu akiwa amejeruhiwa, na sisi tunamkabidhi kwaya, tunamkabidhi watoto wa komunyo ya kwanza, tunamkabidhi kalamu. Tunadhani tunamheshimu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, walitaka Kanisa ambamo watu wanajuana. Kujuana kunataka mtu aulizwe habari zake kabla ya kupewa kazi.

Aliyenitoa nyuma ya lile daftari ni mama yetu wa kuku, mnamjua. Siku moja baada ya sala alinishika mkono, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema: "Mwanangu, kesho alfajiri njoo unishikie kuku, macho yangu hayaoni vizuri tone." Ilikuwa siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Nilifika saa kumi na moja, kuku wakiwa bado bandani, na bibi ambaye hakumaliza darasa la nne akanifundisha. Namna ya kumbana kuku ubavuni asipige mabawa. Namna ya kumlaza kichwa pembeni. Tone moja kwenye jicho moja, subiri apepese ndipo umwachie, na baada ya miezi mitatu unarudia. Nilikosea mara nyingi. Aliniambia, "Taratibu, mwalimu, kuku wapo wengi." Kulipopambazuka tulikaa kwenye vigoda, akanimiminia chai, akaniuliza: "Sasa niambie, koo linakuuma au moyo?"

Ilikuwa kama saa moja asubuhi, lakini kwangu saa nne ilikuwa imerudi.

Yule mama ndiye aliyenipeleka kwa jirani yake, mwalimu mstaafu ambaye sikujua kama anaishi mitaa miwili kutoka kwangu. Kwa huyo nikampata wa tatu, aliyekuwa akifundisha hisabati sekondari, sasa ana duka la vifaa vya umeme. Tuko watatu, kila Alhamisi, saa nne kamili, dukani kwake. Tunazungumza mambo ambayo mke au mume wa mtu huvumilia kuyasikia kwa sababu tu ya upendo: kuota uko zamu na kengele haipatikani, kusikia "shikamoo mwalimu" sokoni na kushindwa kujua kama bado unastahili kuitikia. Yule wa hisabati alinitangulia miaka miwili. Anaponiambia ndoto zile hupungua, namwamini, kwa kuwa amezipitia.

Naomba niongeze jambo moja. Tunapomkumbuka Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, tunakumbuka hotuba zake. Mwaka 1955 alikuwa kijana wa miaka 32, ana mke na watoto wadogo, akaacha kufundisha shule ya Pugu alipotakiwa achague kati ya kazi hiyo na siasa. Mshahara ukakatika. Alirudi kwanza kwao Butiama, na aliporejea Dar es Salaam alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, Mwislamu, mtoto wa mjini. Mara chache tunamtaja mwenye nyumba ile, wala waliopika chakula alichokula. Watu waliendelea kumwita Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999, miaka 44 baada ya kuacha darasa, na mimi naamini walioanza kumshikia jina hilo ni wale waliokuwa wakila naye.

Kwako unayefikiria kuandika barua mwaka huu, au uliyeandika tayari: usingoje uzoee kwanza ndipo utoke nje. Mwambie mtu mmoja kwa maneno yenyewe, "nimeacha kufundisha na sina wa kuzungumza naye." Ni sentensi nzito kutamka, mimi ilinichukua miezi tisa. Na ukialikwa mahali ambapo wewe ndiye usiyejua, nenda. Darasani tumezoea kuwa ndio wenye jibu, na mtu mwenye jibu hukaa mbele peke yake. Hata Apolo, msemaji hodari, Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, naye akakubali kufundishwa na mafundi wa mahema.

Nanyi wanajumuiya, ukatibu nitauendeleza, siuchoki. Ila akija mwalimu mpya, naomba daftari tumfiche kwa miezi sita.

Jumamosi hii ni zamu ya nyumbani kwangu. Kuna dada aliyeacha kufundisha Desemba, anaishi nyuma ya kisima, wengine mmeshamwona akipita na kapu bila kumwangalia mtu. Nimemwomba aje. Sikumwambia habari ya sala bado. Nimemwambia miezi mitatu imetimia, mama wa kuku ananiletea dawa Ijumaa jioni, na mimi peke yangu siwezi kuwashika wote. Ameuliza aje saa ngapi. Nimemwambia saa kumi na moja, kabla hawajatoka bandani, na chai itakuwepo.