Mshubiri: Ute wa Kupaka, Utomvu wa Kutupa

Hapa Mombasa ni nadra kuingia uani kwa mtu usikute sufuria kuukuu au kopo la rangi lililopandwa mshubiri karibu na mlango wa jikoni, na ni nadra zaidi kumkuta mwenye mmea huo akiwa hana ugonjwa wa kukusimulia ulioponywa nao. Kwenye simu ndiyo usiseme. Kila wiki ninatumiwa ujumbe unaoahidi kwamba glasi ya aloe vera asubuhi inaondoa kisukari, vidonda vya tumbo, kitambi na udhaifu wa kiume kwa mpigo mmoja. Mimi ni mpenzi wa mmea huu na sikosi kuwa nao nyumbani, lakini naona tunausifu bila kuutazama vizuri, kwa sababu jani moja la mshubiri limebeba vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa, na karibu kila faida na kila madhara yanayosimuliwa hutegemea ni kipi kati ya hivyo viwili umekitoa.

Ukitaka kuviona, kata jani la nje kabisa, la chini, lililonenepa, ukilikatia karibu na shina, kisha lisimamishe ndani ya glasi upande uliokatwa ukiwa chini. Baada ya muda mfupi utaona uzi wa manjano ukichuruzika kutoka chini ya ganda, wenye harufu kali na uchungu unaokaa ulimini hata ukiugusa kwa ncha tu. Huo ndio utomvu. Ukiachwa hewani hugeuka hudhurungi kama chai ya rangi iliyokolea, na ukidondokea nguo nyeupe huacha doa ambalo sabuni hailiwezi. Uache uchuruzike wote, hata kama ni nusu saa nzima, ndipo uoshe jani, ukate miiba ya pembeni, ulilaze na kulimenya upande mmoja. Ndani utakuta nyama angavu inayoteleza kama kamasi, isiyo na rangi na karibu haina ladha. Huo ndio ute, ambao sehemu yake kubwa mno, karibu asilimia 99, ni maji, na kinachobaki ni sukari ndefu za mmea, hasa ile iitwayo asemanani, pamoja na madini na vitamini kidogo. Mimi huusuuza mara nyingine tena kabla ya kuukata vipande, kisha huuhifadhi kwenye friji kwa siku chache tu, maana huharibika upesi.

Ute ndio wa kupaka, na hapo sina ugomvi na mtu. Kwa ngozi iliyobabuka kwa jua, iliyokauka kwa upepo wa kaskazi au iliyochomwa kidogo na mvuke wa chungu, unapoza na kulainisha, na kwa kuungua kuna ushahidi unaopita masimulizi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio manne yenye wagonjwa 371 waliokuwa wameungua, na waliotumia aloe vera walipona mapema kwa takriban siku tisa kuliko wenzao. Watafiti hao hao walitahadharisha kwamba dawa zilizotumika hazikufanana, moja ilikuwa krimu na nyingine ute mtupu, kwa hiyo isingefaa kutoa hukumu ya mwisho. Nalisema hili kwa sababu ya utaratibu mmoja muhimu: mtu akiungua, kwanza ni maji baridi yanayotiririka, kwa dakika 20 hivi, na ndipo mshubiri ufuate. Kupaka ute juu ya ngozi ambayo bado ina moto ndani ni kujidanganya. Malengelenge makubwa, uso, mikono ya mtoto au mahali palipochomeka hadi nyama, hiyo ni kazi ya hospitali, si ya kopo la mlangoni.

Wala usidhani kwamba kinachosaidia ngozi ya juu kitasaidia kila kidonda. Mwaka 1991 madaktari huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa na vidonda vya upasuaji vilivyofumuka baada ya kujifungua au upasuaji wa tumbo. Waliotibiwa kwa kawaida walipona kwa wastani wa siku 53, ilhali walioongezewa ute wa aloe vera walichukua siku 83. Tangu niliposoma takwimu hizo nimekuwa mkali kidogo kwa wale wanaomshauri mzazi mwenye mshono kupaka mshubiri.

Kwa nywele, ute huzilainisha na kupunguza ukavu wa ngozi ya kichwa. Kwamba unaotesha nywele zilizokwisha kutoka, hayo ni maneno ya wauza mafuta. Kabla ya kupaka popote, jaribu kidogo ndani ya kiwiko na ungoje hadi kesho yake, kwa kuwa wapo ambao ngozi zao huukataa na kutoa upele.

Sasa tuje kwenye kunywa. Utomvu ule wa manjano una aloini na jamaa zake, kemikali zinazousukuma utumbo mpana kwa nguvu, na kwa karne nyingi hicho ndicho kilichokuwa kikinunuliwa. Shubiri, yaani utomvu huo uliokaushwa, kutoka kisiwa cha Sokotra ilisafirishwa kwa majahazi, ikapita Zanzibar na Bombay hadi Ulaya, na huko iliuzwa kama dawa ya kulainisha choo. Mama zetu wa pwani waliipatia kazi ya upole zaidi: mtoto aliyegoma kuacha ziwa alipakiwa shubiri kwenye chuchu, akaonja, akaghairi mwenyewe. Kwa ushuhuda wa mama yangu, mimi nilighairi siku ile ile. Lakini mguso wa ulimi si sawa na glasi nzima ya jani lililosagwa na ganda lake. Anayekunywa hivyo kila siku huumwa tumbo, huharisha, hupoteza maji na potasiamu mwilini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye kutumia dawa za moyo au za kupunguza maji. Mjamzito na anayenyonyesha wasiuguse kabisa kwa kinywa. Anayetumia dawa za kisukari naye asijichanganyie bila daktari wake kujua, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa utomvu wa mshubiri katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wameleta ushahidi wa usalama wake. Baadaye, panya waliopewa maji yenye dondoo la jani zima kwa muda wa miaka miwili walipata uvimbe kwenye utumbo mpana, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaliweka dondoo hilo kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Jambo hilo linahusu jani zima, si ute uliosafishwa. Kwa hiyo kinywaji cha dukani ambacho maelezo yake hayasemi kwamba aloini imeondolewa, mimi hukirudisha rafuni, hata kama muuzaji ni mtu wa heshima msikitini.

Lipo pia suala la mishubiri ya porini, ambalo wengi hulisahau. Aloe vera ya kwenye makopo, yenye maua ya manjano, asili yake ni Bara Arabu. Afrika Mashariki ina mishubiri yake mingi, mingi ikiwa na maua mekundu. Aloe secundiflora ndiyo ambayo wafugaji wengi hukatia kwenye maji ya kuku wakati wa mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku. Katika majaribio ilipunguza sehemu ya vifo, haikuvizuia, na chanjo ya matone ya jichoni bado ndiyo kinga ya kutegemewa. Nchini Kenya uvunaji wa mishubiri ya porini ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, baada ya wavunaji wa utomvu kuifyeka bila huruma, na biashara ya kimataifa ya mishubiri karibu yote inadhibitiwa, isipokuwa aloe vera yenyewe. Isitoshe, katika nyika za Taita na kaskazini mwa Tanzania kuna Aloe ballyi, mshubiri mrefu kama mti mdogo, wenye harufu ya panya, na majani yake yana sumu ya kuua. Asiyejua kuitofautisha asilete jani la porini nyumbani.

Kupanda wako mwenyewe ni rahisi mno kiasi cha kukosa kisingizio. Omba chipukizi lenye mizizi kwa jirani, liache kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, kisha lipande kwenye kopo lililotobolewa chini, udongo ukichanganywa na mchanga nusu kwa nusu. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabla ya kuuosha chumvi. Mwagilia pale tu udongo unapokauka hadi ndani, kwani mishubiri mingi ya mjini haifi kwa kiu, hufa kwa kuoza mizizi. Usiyakate majani mpaka yafikie unene wa dole gumba, na uanze na yale ya nje.